Maiki ya Pili: Ibada ya Lugha Mbili Kanisani Dandora

Mahubiri ya dakika 40 yakitafsiriwa sentensi kwa sentensi huwa mahubiri ya saa moja na dakika 20. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaiweza, lakini wahubiri wageni wanaoipiga kabla ya kupanda madhabahuni ni wachache. Mgeni anakuja na ujumbe wake wa dakika 40, anapewa maiki, mimi napewa ya pili, na ikifika saa saba mchana watoto wamelala kwenye mabenchi, kina mama wanawaza maharagwe waliyoacha jikoni, na Pasta anatazama saa ya ukutani asijue amkatize vipi mtu aliyemwalika mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Katikati ya juma nashona sare za shule na majoho ya kwaya katika kibanda changu Dandora Phase 2, Nairobi. Jumapili nasimama hatua moja kushoto kwa mhubiri na kuyageuza maneno yake ya Kiingereza kuwa Kiswahili, na mara mojamoja Kiswahili kuwa Kiingereza. Wengi huiona kazi nyepesi. Ukishajua lugha mbili, wanasema, kuna nini tena? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kuna mengi, na kubwa kuliko yote ni hili nitakalolitetea hapa: ibada nzuri ya lugha mbili ni ile ambayo kinachotafsiriwa ni kidogo, na hicho kidogo kinatafsiriwa kwa ajili ya mtu anayekihitaji kweli.

Mtaa wa kila lugha

Ukitaka kuelewa kwa nini kanisa la Dandora linahitaji lugha zaidi ya moja, anza na ploti. Mwaka 1975 serikali ya Kenya, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha hapa mradi wa viwanja vipatavyo 6,000 kwa watu wa kipato cha chini. Aliyebahatika alipewa kiwanja chenye choo, bafu na maji, kisha ajijengee vyumba kadiri mfuko wake ulivyoruhusu. Wengi walijenga na vya kupangisha. Ndiyo maana hadi leo katika ploti moja utamkuta mwenye nyumba Mkikuyu, mpangaji Mluo, jirani yake Mkamba, na chumba cha mwisho mama Mluhya anayepika chapati za kuuza. Wanagombana juu ya bili ya maji kwa Kiswahili na wanapatana kwa Kiswahili.

Makanisa yalifuata watu. Kutoka Phase 1 hadi Phase 5 utayakuta ya mawe na ya mabati: Wakatoliki, Waanglikana, PCEA, AIC, Wasabato, Akorino, Legio Maria, na ya kipentekoste yasiyo na hesabu. Ndani ya kila moja kuna familia zenye lugha tatu kwenye benchi moja. Nyanya alilelewa kwa Kikuyu au Kijaluo, na Biblia anayoipenda ni ya lugha hiyo. Binti yake amekulia Dandora, akili yake inafanya kazi kwa Kiswahili. Mjukuu anaongea Sheng na wenzake uwanjani, lakini darasani ni Kiingereza, kwa kuwa sera ya elimu ya nchi hii, tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, huruhusu lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha kuanzia darasa la nne masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Huyo mjukuu akifika chuo, Biblia yake iko kwenye simu na iko kwa Kiingereza.

Kuna na kumbukumbu nyingine ambayo sisi wa Eastlands, mashariki ya Nairobi, hatuitaji kwa sauti. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi iliwaka. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Katika siku zile ulichunguzwa kwa lugha uliyoizungumza njiani, na hata salamu ilikuwa hatari. Tuliporudi kanisani, ibada iliyoendeshwa kwa lugha ya kabila moja ilitazamwa kwa jicho jingine, hata kama nia ya wenyewe ilikuwa safi. Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kukaa tena benchi moja. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba lugha ya ibada ni suala la ratiba tu, namwelewa, lakini najua hakuwa hapa.

Kugawa saa au kukaa pamoja

Makanisa ya Nairobi yametatua jambo hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni kugawa saa: ibada ya Kiingereza asubuhi na mapema, ya Kiswahili baadaye, na pengine ya lugha ya nyumbani mara moja kwa mwezi. Makanisa makubwa mengi jijini hufanya hivyo, na parokia za Katoliki nazo hubandika ratiba ya misa ikionyesha lugha ya kila moja. Wakatoliki walipata ruhusa ya kusali kwa lugha hizo kwa sababu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Desemba 1963 kuhusu liturujia, ulifungua mlango wa lugha za watu baada ya karne nyingi za Kilatini. Ajabu ni kwamba Legio Maria, waliojitenga na Kanisa Katoliki huko Nyanza katika miaka ileile, wameendelea kutumia Kilatini katika misa zao. Muumini mwenye kanzu unayekutana naye njiani Dandora anaweza kuwa ametoka kusali kwa lugha ambayo hakuna mtaa wowote duniani unaoizungumza, na bado akasema amelishwa.

Kugawa saa kuna faida yake. Hakuna mkalimani, muda hauongezeki, na kila mtu anasikia moja kwa moja. Ila kuna gharama ambayo haionekani kwenye ratiba. Kwa kuwa Kiingereza ni cha vijana na Kiswahili ni cha wazazi, baada ya miaka michache unakuwa na makanisa mawili yanayotumia jengo moja. Wanakutana kwenye harambee na kwenye mazishi. Kijana wa ibada ya kwanza hajui jina la mzee wa ibada ya pili, na mzee anadhani kijana ameacha wokovu kwa sababu hajamwona tangu Pasaka.

Njia ya pili ni kukaa pamoja na kutafsiri. Sisi tulichagua hii, na sababu kubwa ilikuwa mfuko: kanisa letu la mabati halina nafasi wala wahubiri wa kuendesha ibada tatu. Umaskini wakati mwingine hukulazimisha kufanya jambo jema. Lakini kukaa pamoja hakuji bure. Bei yake ni muda na maandalizi, na kanisa lisilotaka kulipa hivyo viwili ni heri ligawe saa.

Kazi ya tangu enzi za Ezra

Ninapowafunza vijana wanaotaka kusimama na maiki ya pili, huwa naanza na Nehemia sura ya nane. Ezra anasoma torati mbele ya umati tangu alfajiri hadi adhuhuri, na Walawi wanawafafanulia watu ili waelewe. Kusoma peke yake hakukutosha. Mwalimu mmoja wa chuo cha Biblia alitueleza kwenye semina kwamba baadaye masinagogi yaliweka kanuni za kazi hii, nazo zimeandikwa katika Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi wa karibu mwaka 200 baada ya Kristo: anayesoma torati asimsomee mkalimani zaidi ya mstari mmoja kwa wakati mmoja, na akisoma manabii asizidi mitatu. Nilipoisikia kanuni hiyo nilitamani niiandike kwa wino mwekundu na kuibandika kwenye mimbari yetu. Miaka 1,800 imepita na bado wahubiri wanatoa aya nzima kwa pumzi moja.

Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho kuhusu kunena kwa lugha, aliweka masharti ya kiutendaji kabisa: wanene wawili au watatu, kwa zamu, na mmoja atafsiri, pasipokuwa na mtafsiri, mnenaji anyamaze. Watu hukumbuka karama na kusahau zamu.

Huku kwetu, Ukristo wenyewe umefika kwa njia ya wakalimani na watafsiri. Johann Ludwig Krapf alitua Mombasa mwaka 1844 na akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili cha huko. Askofu Edward Steere akafanya kazi yake Unguja, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891. Kisha mwaka 1952 ikaja Biblia ya Muungano, iliyotengenezwa ili watu wa bara na wa pwani wasome kitu kimoja. Na Billy Graham alipohubiri Tanganyika mwaka 1960, aliyesimama kando yake akimtafsiria kwa Kiswahili alikuwa Festo Kivengere, Mganda aliyekuwa amefundisha shule Dodoma, ambaye baadaye alikuwa askofu na akalazimika kumkimbia Idi Amin mwaka 1977. Kijana akiniambia kutafsiri ni kazi ya kusaidia tu, namtajia Kivengere. Aliyesimama kwenye maiki ya pili alikuja kuwa sauti iliyosikika dunia nzima.

Sauti mbili, ujumbe mmoja

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Nasimama kushoto kwa mhubiri, nusu hatua nyuma, mahali ambapo naona mdomo wake na mikono yake. Mdomo ni muhimu kwa sababu vipaza sauti vyetu vinaelekea kwa watu, si kwetu, na upande wa pili wa ukuta wa mabati kuna kanisa jingine lenye vipaza sauti vikubwa kuliko vyetu. Siku ambazo upepo unaleta moshi wa jaa la taka tunafunga madirisha, na hapo mabati hurudisha kila sauti mara mbili. Chupa ya maji iko chini ya mimbari. Karatasi na kalamu ziko mkononi.

Karatasi ni ya namba na majina. Mhubiri akitaja miaka, kiasi cha pesa za ujenzi au sura na mstari, naandika. Kichwa hubeba wazo lakini hakibebi tarakimu. Hasa wakati wa matangazo, hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa saa ya Kiingereza na saa ya Kiswahili zimepishana kwa sita. Mkutano wa saa mbili kwa hesabu ya Kiingereza ni wa saa nane kwetu, na mkalimani akipitiliza hapo, nusu ya kamati itafika asubuhi na kukuta mlango una kufuli.

Mhubiri mzuri humpa mkalimani wazo zima: si neno moja, wala si hadithi nzima. Wapo wanaokata baada ya maneno mawili kwa kudhani wananisaidia. Hawanisaidii. Mmoja anasimama na kutaja sifa tatu mfululizo kwa Kiingereza, moja ya ukubwa, moja ya nguvu, moja ya uzuri, kisha ananyamaza na kunitazama. Kiswahili hakiniruhusu kuanza. Sijui bado anasifia nini. Kama ni Mungu nitasema mkuu, kama ni jina nitasema kuu, kama ni kiti cha enzi nitasema kikuu. Basi nabaki na maiki mdomoni, kanisa lote linanitazama, na watu wanadhani sijui Kiingereza. Tangu hapo nilijifunza kukaa na mgeni kabla ya ibada, hata kama ni dakika tano kwenye benchi la nje, na kumwambia: Pasta, nipe sentensi iliyokamilika, kisha ninyamazie. Wengi hushukuru. Wachache hukunja uso, na hao ndio hupotea katikati ya mahubiri.

Kanuni nyingine inayowashangaza wageni ni kwamba mkalimani husema kwa nafsi ya mhubiri. Sisemi, “Pasta anasema kwamba yeye na mkewe walikosana.” Nasema, “Mimi na mke wangu tulikosana.” Mwanamke mwenye kilemba kama mimi akisema hivyo kwa uso mkavu, watoto hucheka na wageni hugeuka kutazamana, ila wenyeji wamezoea. Ukiingiza “anasema kwamba” kila mara, unajiweka katikati ya mhubiri na watu, na unayarefusha mahubiri ambayo tayari yana urefu maradufu.

Aya za Biblia sitafsiri. Nazisoma. Mhubiri akisoma kwa Kiingereza, mimi nafungua Biblia ya Muungano na kusoma mstari uleule, kwa maana mama aliyeokoka miaka 40 iliyopita anaijua Zaburi kwa kichwa jinsi ilivyo mle, na nikimletea maneno yangu mwenyewe atadhani ni mstari mwingine. Kwa hiyo nahitaji orodha ya mistari Jumamosi jioni. Naweka vipande vya kitambaa kwenye kurasa, vile vinavyobaki chini ya cherehani, kila kimoja na rangi yake kwa mfuatano wa mahubiri.

Je, mkalimani aruke mhubiri akiruka? Mitaani kwetu wapo wanaofanya hivyo, wanakimbia pamoja madhabahuni kutoka ukuta hadi ukuta, jasho kwa jasho, na watu hupenda. Mimi naona sauti ifuate, miguu ikae. Mhubiri akipandisha, napandisha, akinong'ona, nanong'ona. Ujumbe unaotolewa kwa machozi ukitafsiriwa kwa sauti ya kusoma matangazo utakuwa umepotoshwa, hata kama kila neno ni sahihi. Lakini watu wanapaswa kumtazama mtu mmoja.

Na mkalimani huchoka. Wale wa mikutano ya kimataifa, wanaokaa kwenye vibanda vya vioo na vipokea sauti masikioni, hupokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa kuwa inajulikana kuwa baada ya hapo ubora hushuka. Sisi hatuna vibanda, lakini tunaweza kuwa wawili. Mmoja atafsiri ushuhuda na matangazo, mwingine mahubiri.

Acha wimbo uwe wimbo

Sehemu kubwa ya ibada haihitaji maiki ya pili hata kidogo. Tazama kipindi cha sifa. Kiongozi anaanza kwa Kiswahili, anaingia Kikuyu, anavuka kwenda Kijaluo, anamalizia kwa Lingala, na hakuna anayeuliza maana. Wazee wa uamsho wa Afrika Mashariki waliimba Tukutendereza kwa Kiganda kutoka Rwanda hadi milima ya Kenya, na wengi wao hawakujua Kiganda kingine zaidi ya hicho. Angela Chibalonza, Mkongomani aliyeishi na kuimba hapa Kenya hadi alipofariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2007, alituletea Kiswahili cha Kongo, na Dandora ilikiimba bila kuhitaji kufafanuliwa. Kwa hiyo nikiona kiongozi wa sifa anasimamisha wimbo ili kueleza kila ubeti kwa lugha ya pili, najua moto unazimwa.

Maombi nayo vilevile. Pasta akisema kila mtu aombe, kanisa zima huomba kwa pamoja, kila mtu kwa lugha anayolilia. Nyanya anaomba Kikuyu, jirani yake Kikamba, kijana nyuma anachanganya Kiingereza na Sheng. Sala ya Bwana tunaisali kila mtu kwa lugha yake kwa wakati mmoja, na ajabu ni kwamba tunafika amina karibu pamoja. Huo muda wote umeokolewa. Meza ya Bwana ni hivyohivyo: mkate unajieleza.

Masomo ya Biblia tunayasoma kwa zamu. Somo la Agano la Kale linasomwa kwa Kiswahili, la Injili kwa Kiingereza, Jumapili inayofuata tunabadilishana. Wenye simu wanafuata kwa lugha wanayotaka, na wenye Biblia za karatasi wameshatajiwa sura na mstari mapema. Zamani tulisoma kila somo mara mbili. Hakuna aliyelalamika tulipoacha.

Ukishaondoa nyimbo, maombi, meza na masomo, kilichobaki cha kutafsiri ni mahubiri, ushuhuda na matangazo. Hapo sasa nguvu zote ziende.

Kiingereza ni cha nani?

Hapa nitasema jambo ambalo halitawafurahisha wachungaji wote. Mara nyingi nimesimama kando ya mhubiri aliyezaliwa Kenya, aliyekulia Kenya, anayejua Kiswahili kuliko mimi, lakini anahubiri kwa Kiingereza nami namtafsiria kwa watu ambao wote wanakielewa Kiswahili. Baada ya ibada ananishukuru kwa Kiswahili kitamu. Sasa nilikuwa namtafsiria nani?

Jambo hili si letu peke yetu. Mwanaisimu Cécile Vigouroux alichapisha mwaka 2010 utafiti wake kuhusu kanisa moja la kipentekoste la Wakongomani huko Cape Town, Afrika Kusini. Mhubiri alihubiri kwa Kifaransa na mkalimani akatafsiri kwa Kiingereza, ilhali waliokaa mbele yao karibu wote walikuwa wakielewa Kifaransa. Tafsiri ilikuwa na kazi nyingine: ilitangaza kwamba kanisa hili si la kundi moja dogo, mlango uko wazi kwa ulimwengu, na watu wawili wakipokezana maneno huleta joto ambalo mtu mmoja hana.

Naielewa sababu hiyo na siidharau. Maiki mbili zina mwendo wake. Mhubiri anapata nafasi ya kuvuta pumzi na kupanga wazo linalofuata, na msikilizaji anasikia jambo mara mbili. Kijana anayejifunza Kiingereza anapata darasa la bure. Lakini katika mtaa ambao watu wengi wameumizwa kwa kuambiwa hawajasoma, Kiingereza madhabahuni kinaweza kuwa mavazi. Kinasema: mtumishi huyu ni mkubwa. Na mwenye kulipa mavazi hayo ni mama aliyekaa saa nne na njaa.

Wakati huohuo, wanaohitaji tafsiri kweli hawapewi. Kwenye kanisa letu kuna nyanya aliyeletwa na mwanawe kutoka Siaya baada ya kuugua. Kiswahili chake ni cha sokoni, Kiingereza hana. Kwa miezi alikaa anatazama tu. Siku moja mjukuu wake wa miaka 14 akahamia kiti cha pembeni na kuanza kumnong'oneza Kijaluo, wazo kwa wazo. Hakuna maiki, hakuna muda ulioongezeka, hakuna aliyemwagiza. Sasa tumetenga benchi la nyuma upande wa ukuta kwa ajili ya wanaonong'onezwa, na vijana wawili wamejitolea. Katika hesabu yangu, hiyo ndiyo tafsiri yenye thamani kuliko zote zinazofanyika Jumapili chini ya paa letu, kwa kuwa ukiiondoa kuna mtu atabaki bila ujumbe.

Viziwi je? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na katika Bunge imeiongeza Lugha ya Ishara ya Kenya. Bunge limeona haja hiyo. Makanisa mengi ya mtaani bado yana mkalimani wa Kiingereza kila Jumapili na hayana mtu hata mmoja wa lugha ya ishara.

Na wale vijana ambao eti Kiingereza ni kwa ajili yao? Waulize. Dandora hii ndiyo iliyomlea Juliani, aliyeimba injili kwa Kiswahili na Sheng, akaiita albamu yake ya mwaka 2008 Mtaa Mentality na ya mwaka 2011 Pulpit Kwa Street. Vijana walimsikiliza kwa sababu aliongea wanavyoongea. Kijana wa hapa hamkimbii mhubiri kwa sababu ya Kiswahili. Anamkimbia kwa sababu ya maneno yasiyogusa kodi ya nyumba, kazi isiyopatikana na rafiki aliyepigwa risasi. Wapo wanaohitaji Kiingereza kweli, kama mgeni kutoka nje au mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Kiingereza kitupu. Hao wanaweza kunong'onezewa vilevile, kwenye benchi lao.

Kwa wazee wa kanisa

Kama kanisa lako linafikiria kuanza ibada ya lugha mbili, anzeni kwa kuhesabu watu, si kwa kununua maiki. Pita benchi kwa benchi uulize nani haelewi nini. Huenda mkagundua kwamba mnahitaji mnong'onezaji mmoja wa Kikamba na mtu wa lugha ya ishara, na Kiingereza hakihitajiki kabisa. Huenda mkagundua kinyume chake. Msikisie.

Mkiamua kutafsiri, mpeni mkalimani mistari na hoja kuu kufikia Jumamosi jioni. Mwambieni mhubiri mgeni, kabla hajapanda basi, kwamba ana dakika 20 zake, na zile nyingine 20 ni za mkalimani. Wafundisheni wakalimani wawili au watatu, wake kwa waume, na msimpe maiki kijana kwa sababu tu amerudi kutoka chuo na Kiingereza chake kinang'aa. Mkalimani wa Kiswahili anatakiwa kwanza kujua Kiswahili. Nyimbo na maombi yaacheni yalivyo. Mkalimani akichoka, mpeni kiti. Akifanya vizuri, mwambieni, maana makofi yote huenda kwa mwenye maiki ya kwanza.

Na mhubiri mwenye kujua Kiswahili, anayesimama mbele ya Waswahili, ahubiri kwa Kiswahili. Nitafurahi sana kukaa chini Jumapili hiyo na kusikiliza.